Simu Isiyovumilia Kimya

Aprili 3, 2023

Baba mpendwa,

Pole na baridi. Huku nasikia theluji ilirudi tena milimani mwezi uliopita. Afya yangu ipo, jino tu linanisumbua. Goti lako linaendeleaje? Na yule mbweha amekubakizia kuku?

Habari ya gerezani ni kwamba tumegawiwa vishikwambi. Kila mfungwa na chake, cha plastiki inayoonyesha hadi ndani ili tusifiche kitu. Kuna nyimbo, vitabu, masomo ya hesabu, na simu pia: napiga nikiwa kitandani badala ya kupanga foleni kwenye simu ya ukutani. Ila barua za karatasi hazitufikii tena mkononi. Ukiniandikia, barua inakwenda kwa kampuni iliyo jimbo jingine, wanaipiga picha, wanaichoma, mimi naisoma kwenye kioo. Wanasema ni usalama, maana watu walikuwa wanaloweka dawa za kulevya kwenye karatasi. Mimi niliyevunja duka la dawa nitabisha nini?

Baba, bodi ya parole, wale wanaoamua nani aachiwe kabla kifungo hakijaisha, inakaa Julai. Swali lao la kwanza ni utakwenda kuishi wapi. Sina pa kutaja ila kwako. Barua zako za kuku na mvua nazishukuru, lakini sauti yako sijaisikia tangu siku ya hukumu, na mama mlimzika mimi nikiwa humu. Sikulaumu. Nataka tu kujua kama naruhusiwa kurudi nyumbani.

Mwanao,
Estill


Aprili 22, 2023

Estill,

Salamu. Mimi nipo. Goti linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mbweha kabakisha kuku wachache na jogoo mmoja mwoga.

Kwa hiyo kuna mtu atakaa aisome hii kabla yako, kisha aichome. Namsalimia na yeye. Mwandiko wangu mbaya, atanivumilia.

Uliloniuliza sitalijibu mbele ya mgeni. Jambo la nyumbani mtu hulisema kwa kinywa chake. Najua na simu wanazisikiliza, lakini sauti angalau hawaichomi. Nipigie ile Jumapili ya Mei ya kupamba makaburi, mchana, nikishashuka kilimani. Nitakuwa nimetoka kwa mama yako.

Baba


Juni 1, 2023

Estill,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Simu yako niliipokea jikoni. Ile sauti ya mashine ikanihubiria kwamba tunarekodiwa. Ukasema "Baba." Nikasema "Ndiyo, mwanangu." Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, ukanikatia. Nilikaa na simu mkononi hadi giza nikidhani utapiga tena.

Kama subira ilikuishia ungeniambia. Nimezeeka, sikimbizwi. Kila la heri na bodi yako.

Baba


Juni 21, 2023

Baba yangu,

Naomba barua hii ikukute salama. Mwili wangu mzima, moyo ndio haukuwa mzima.

Sikukukatia. Naapa kwa kaburi la mama. Simu ilipokufa nilijua ni wewe umekata, na kwamba hilo ndilo jibu lako. Nikageukia ukutani. Kesho yake askari akaja akachukua kishikwambi, eti nachunguzwa. Nimerudishiwa jana, ndipo nikaikuta barua yako imekaa humo ikinisubiri.

Aliyenifungua macho ni Pruitt, mzee ninayelala naye chumba kimoja. Aliniuliza, "Mlinyamaza?" Nikamwambia, kidogo tu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe na baba yako ni mabwege wa milimani! Mashine ikisikia kimya inadhani aliye nje anapiga namba nyingine kuunganisha mtu wa tatu kwa siri. Inakata, na wewe unashikwa. Hata ukiwa na mke akataka kukulilia, mwambie alie kwa sauti."

Sasa sisi nani angetuambia? Kwetu tunakaa barazani kuchambua maharage mpaka jua linazama, hakuna aliyesema neno, na tukiinuka tunajisikia tumeongea. Nilikuwa nakusikia unapumua, Baba. Ilikuwa inanitosha.

Bodi ni Julai 24. Nitapiga Jumapili ya tarehe 9. Tafadhali usiache nafasi. Sema lolote. Taja kuku kwa majina.

Mwanao,
Estill


Julai 1, 2023

Mwanangu Estill,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Hali yangu nzuri, na goti usiniulize.

Nimeanza mazoezi ya kuongea. Asubuhi nalieleza jiko namna ya kuchemsha kahawa. Jana nilimsimulia jogoo habari za mgodini, siku ile dari ilipotuangukia, ambazo hata mama yako sikumwambia zote. Jirani Maxine akapita, akauliza dirishani, "Verlin, una mgeni?" Nikamwambia ndiyo. Alipoondoka nyumba ikawa kubwa kupita kiasi. Sikujua kwamba nimekaa humu muda wote huo bila kusikia sauti ya mtu, hata yangu mwenyewe.

Na ujue hili. Siku ile sikunyamaza kwa hasira. Nilikuwa nalia, na mimi nikilia sitoi sauti. Mama yako alilijua hilo. Wewe hukuwahi kuniona.

Piga. Nitaanza mimi.

Baba yako


Julai 10, 2023

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ila usingizi sikuupata. Sijui hii utaisoma lini, maana nadhani wamekuchukulia tena kile kidude. Bodi nimewaandikia wenyewe kwamba una pa kukaa. Lakini ile ni barua yao. Hii ni yako.

Simu imekatika tena, na najua si wewe.

Niliongea vizuri, sivyo? Kuku wote niliwataja, na Maxine na mguu wake, na mchungaji mpya anayehubiri kama mtu aliyechelewa basi. Ulicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba unacheka kama mama yako. Ndipo nikafika kwenye jibu lenyewe. Nikavuta pumzi nilitoe sawasawa, nawe ukanyamaza kulisubiri, sote wawili kama tulivyozoea, na mashine ikatukata hapo hapo. Nilibaki nimefungua mdomo mbele ya ukuta wa jikoni.

Nililitamka hata hivyo, kwa sauti, nyumba nzima ikasikia. Wewe tu ndiye uliyelikosa.

Sasa naliandika. Huyo anayesoma kabla yako na asome, awasomee na wenzake, kisha achome. Njoo nyumbani, Estill. Nakutaka hapa. Nilikutaka hapa hata siku ya hukumu, nilipokuwa natazama sakafu ya mahakama.

Mlango wa mbele ni mpya, hujauona. Mvua ikinyesha unavimba na kugoma. Ukiukuta hivyo usidhani nimekufungia. Usukume kwa bega.

Baba yako