Minyoo ya Baba Wambui

Jumanne, 2 Machi 1971

Nashona sare za shule za wateja tangu asubuhi. Mume wangu, Baba Wambui, ameyeyusha plastiki tena. Sufuria ni yangu, ile ya uji. Anakatakata sandali kuukuu, anachanganya na minyoo ya plastiki aliyonunua kwenye mnada wa mzungu aliyehama, anatia mafuta ya kupikia ili itoke laini. Chambo cha samaki, eti. Nyumba inanuka jalala linaloungua. Mteja amenusa gauni lake, akaniangalia.

Ijumaa, 5 Machi

Leo kalibu mpya ya kumwagia plastiki. Amekoroga plasta, ule unga mweupe unaoganda, kwenye mkebe, akamlaza humo mnyoo halisi wa udongoni, aliyepakwa mafuta asigande. Mnyoo bado alikuwa anajikunja. Anasema akiwa mkavu hatoi alama nzuri. Nilienda nyuma ya choo nikatapika.

Kwetu Nyeri samaki hakuliwa. Tulimweka kundi moja na nyoka. Baba Wambui alikuwa hivyo hivyo, mpaka alipoajiriwa na yule mzungu kumbebea ndoano. Sasa anafyonza hata macho. Sitaki mdomo ule karibu na wangu.

Jumapili, 7 Machi

Baada ya kanisa tulienda shambani, barabara ya Timboroa. Mwezi uliopita wanachama wa ushirika tulionunua nao shamba hilo walipiga kura ya kugawana vipande. Sisi tuliangukia udongo mwekundu, tambarare. Nilitembea humo bila viatu. Pesa ya hisa yetu ilitoka kwenye cherehani yangu, ingawa jina ni lake.

Wafula, karani wa posta, aliangukia kipande chenye bwawa na mawe, hakilimiki. Analalamika kila akikutana na mtu.

Baba Wambui hakuja kwenye udongo wetu. Alikuwa bwawani akirusha minyoo yake. Samaki hawakuigusa. Akachukua mkasi wangu wa kitambaa, akapunguza mikia mpaka ikawa myembamba na kutikisika majini. Samaki wakashika. Mkasi sasa una utelezi hata nikiuosha kwa majivu. Njia nzima ya kurudi alihesabu kwa vidole. Akihesabu hivyo huwa ana mpango. Naogopa.

Alhamisi, 11 Machi

Ni kama nilivyoogopa. Anataka kubadilishana na Wafula. Udongo wetu kwa bwawa lake. Wakubwa wa Elgon View, mtaa wa matajiri, watakuja kuvua, watamlipa, watanunua na minyoo. Nimekataa. Nimesema jasho ni langu. Akaniambia sijui biashara, huku ana plastiki chini ya kucha.

Kubadilishana mwisho ni Jumamosi. Nilienda kwa mwenyekiti wa shamba. Alikuwa anakula. Hakuacha kutafuna.

"Mama, jina lako haliko hapa. Ongea na mzee wako nyumbani."

Nimechukizwa na wanaume wote wa mji huu.

Jumamosi, 13 Machi

Amebadilisha. Mbele yangu. Wafula aliweka sahihi haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Mwenyekiti akatangaza kwamba kubadilishana kumefungwa. Hapo ndipo wenye ng'ombe waliposimama. Mifugo itakunywa wapi? Wakapiga kura kwa mikono. Bwawa ni la wanachama wote, na njia ya ng'ombe kulizunguka. Hakuna ruhusa ya kutoza mtu. Baba Wambui aligeuka kutafuta wa kumtetea. Hata Wafula alikuwa ameinua mkono.

Wapi umeona maji ya kunywesha ng'ombe akapewa mtu mmoja? Angeuliza mchungaji yeyote angeambiwa. Hakuuliza. Mimi pia sikuuliza. Nilikuwa nimeshughulika kuchukia samaki.

Tumebaki na ukingo wa mawe. Nimemwambia ananitia kichefuchefu. Nilisema kwa sauti, watu wakasikia. Sijutii.

Jumatano, 17 Machi

Hayeyushi kitu. Uji nimepika kwa sufuria ya jirani.

Jumatatu, 22 Machi

Mawingu tangu asubuhi. Nilichukua jembe nikaenda peke yangu. Nasimiyu, mke wa Wafula, alikuwa ameshalima nusu ya ule udongo mwekundu. Alinisalimia vizuri, macho chini. Nikamwambia kwenye pembe ya chini maji hutuama, asipande maharagwe pale. Akasema asante, mama.

Baba Wambui alikuwa ametangulia. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe. Ng'ombe wa watu walikuwa ndani ya bwawa mpaka tumboni, wakinya humo humo. Aliniuliza tutapanda nini.

Nilizunguka nikichoma ardhi kwa jembe. Kuna mahali pamoja katikati ya mawe ambapo udongo una kina. Si pakubwa. Nikasema viazi.

Akainama akaanza kung'oa mawe. Mikono yake ina malengelenge ya plastiki. Nilitaka kumchukia kama wiki iliyopita, nikashindwa. Hilo nalo limenikera.

Nikashika upande wa pili wa jiwe. Tulitoa mawe mpaka mvua ikaanza.