Mita ya Kioko

Mjukuu wangu Mwende,

Habari za huko? Hapa Muthetheni nyanya yako anapata nafuu, nami nimechoka tu. Umeuliza kama ununue mashine mpya ya kupimia televisheni hapo dukani kwako Athi River.

Ujanani nilikuwa fundi pamoja na rafiki yangu Kioko. Tulipima umeme kwa bisibisi, tukitazama cheche. Siku moja umeme wa televisheni ulimtupa ukutani, na mkono wake wa kulia ukabaki ukitetemeka. Nikajua ufundi umemwisha.

“Nunua mita,” akaniambia. “Wewe utashika nyaya, mimi nitasoma namba.”

Kama mashine italeta wateja, sijui. Mimi nilinunua, na tulikaa meza moja mpaka tukazeeka, yeye akinisomea kwa sauti.

Babu yako