Oili Yangu na Mvua ya Kwanza

Jumanne, usiku

Kwa kweli, hakuna fundi Dodoma anayenifikia. Mvua ya kwanza imenyesha leo, na gereji yangu haikutoa hata tone la oili kwenda mtaroni.

Mussa, fundi wa jirani, kiangazi chote alikusanya oili chafu kwenye mapipa, akazungushia uwanja wake tuta la udongo. Nilimcheka: "Fundi, unajenga bwawa la Mtera?" Mimi yangu nilimwaga uwanjani kutuliza vumbi, kama mafundi wote tulivyozoea.

Jioni akaja Mama Rehema, mwenye bustani ya mchicha kule mtaro unakoishia. Akampa Mussa fungu zima. "Chukua mwanangu, ndio uliopona."

Mimi nilimwamkia shikamoo, akaitikia kama anaitikia nguzo ya umeme. Akauliza, "Na oili yako iko wapi?"

"Ipo mama. Ya kwangu haizururi."

Roho imeniuma mpaka sasa. Nina redio ya Dubai, Lusaka nimefika, halafu namwonea mtu wivu kwa mchicha.

Oili yangu ilitoka yote. Niliiona kwa macho yangu ikiteremka, inang'aa, mpaka bustanini kwake.