Watoto Saba wa Kahawa

Papa Aline,

Mayai ya nyoka wako Kahawa yameanguliwa! Alitaga manane, saba yametoa watoto, wazima wote. Nimekaa kwenye kiti chako nacheka peke yangu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Unakumbuka siku uliyoleta lile dume kutoka Nyangezi, likiwa ndani ya foronya, mimi nikakataa kukupakulia chakula? Nilikuambia: "Nyoka moja haikutosha, sasa unamuletea na bwana!" Ukacheka hadi ukakohoa. Ukasema: "Ngoja mayai, Maman Aline. Hata weye utayapenda."

Hukuishi kuyaona. Kahawa alitaga wiki ya tatu baada ya kukuzika. Nilifungua sanduku lake nimpe maji, nikayakuta, meupe, laini kama ngozi. Maman yako alikuwa ametoka Kadutu kuja kunifariji. Akapiga kelele: "Mayai ya nyoka mu nyumba ya kilio? Tupa ile!"

Karibu niyatupe. Miaka kumi na moja nimelala nyumba moja na nyoka yule bila kumgusa hata kwa kidole. Lakini nilifungua kaye yako ya biolojia, lile daftari la darasani, nikaona ulivyoandika kwa herufi kubwa: YASIGEUZWE. Nikavaa glavu za jikoni, nikatia kila yai alama ya penseli upande wa juu, nikayahamisha vilevile yalivyolala. Nikayaweka kwenye maranda yenye unyevu, ndani ya boksi la frigolite, lile jeupe jepesi la kubebea samaki, na kipimajoto chako cha darasani pembeni.

Baridi yetu unaijua. Umeme wetu pia unaujua. Ukikatika, na balbu ya kuyapasha joto kuzimika, nilichemsha maji kwenye makaa, nikajaza chupa, nikazifunga vitambaa na kuzipanga kandokando. Miezi miwili hivyo. Halafu yai moja likaota kuvu. Nililia, Papa Aline. Mimi, kwa ajili ya yai la nyoka. Machozi yaliyokataa kutoka kanisani yalitoka siku ile, yote.

Jumamosi asubuhi niliona mpasuko, kisha pua ndogo. Maman yako, ambaye siku hizi anapanda pikipiki kila wiki kuja kuuliza "Bado?", alitaka nimvute mtoto. Nikamjibu kama ambavyo ungemjibu wewe: "Hapana, maman, atajitoa mwenyewe." Akakaa kwenye kigoda, rozari mkononi, kama mtu anayengoja mjukuu azaliwe, nje ya maternite.

Wa mwisho nilimwinua bila glavu. Ni mkavu! Miaka yote niliamini wanateleza.

Wawili nitampelekea mwalimu mwenzako wa Nyangezi aliyetuazima dume. Aline ameshachagua wake, wengine wataenda darasani kwako. Wanafunzi wanakuja kuwaona tangu jana. Kahawa habanduki hapa. Nakuahidi nitamlisha mwenyewe, na kaye yako nitaiendeleza kuanzia ukurasa ulioacha mtupu.

Pumzika, mume wangu. Na huko uliko, usimwambie mtu kwamba niliwahi kuwaita nyoka wako mashetani.

Maman Aline wako