Mama Mkwe Ndani ya Nyumba

Tassia, Nairobi
12 Novemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumai u mzima na goti limetulia sasa. Sisi huku hatujambo. Celine ameng'oka meno mawili ya mbele na anamwonyesha pengo kila apitaye. Caleb ameanza kutembea, kwa hiyo mimi sikai. Najua simu hukuchosha na hayo masikio yako, na ukiwekewa spika Ugunja nzima husikia mambo yetu, ndiyo maana naandika na kutuma kwa basi pamoja na sukari na sabuni.

Mama, tumenunua nyumba! Hujakosea kusoma. Hatukupanga, tumenunua. Vyumba viwili na sebule, ghorofa ya pili, katika jengo jipya la ghorofa tano hapa Tassia. Mwenye jengo ni Mzee Maingi, mtu wa maneno matamu, watu humwita mwenyekiti na sijui ni wa nini. Sylvance alichukua mkopo wa sako, chama cha akiba cha kazini, akauza na kile kipande cha shamba alichoachiwa na babake. Taito, ile hati ya umiliki, itatoka jengo likikamilika. Kwa sasa tuna makubaliano yenye sahihi. Ungemwona mkwe wako siku tuliyohamia! Alizunguka akigonga kuta kwa ngumi, akaniambia, "Norah, hapa hakuna mtu wa kututoa." Kwao hakuna aliyewahi kumiliki hata choo Nairobi.

Njoo Krismasi utuombee. Kuhusu kulala usiwe na wasiwasi. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, nalijua hilo, na Sylvance anashika mila kuliko hata wajomba. Utalala kwa rafiki yangu Khadro, jengo la mkabala, yule anayeuza madera ya jumla Eastleigh. Ameshakutandikia kitanda.

Binti yako,
Norah

*

Ugunja
6 Januari 2024

Norah mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Nilifika salama, ila basi lilituweka Nakuru mpaka nikahisi nimekuwa mkazi. Mshukuru Khadro sana. Chai yake ya viungo imenifanya niione ya kwangu kuwa maji ya kuoshea sufuria. Dera alilonipa nalivaa kanisani, wazee wa kanisa wananitazama mara mbili.

Nyumba yenu ni nzuri, nasema kweli. Nilifurahi kumwona Sylvance akiwafungulia wageni mlango wake mwenyewe. Lakini kuna mambo mawili yamenikaa rohoni.

Nilipokaanga samaki jikoni kwako, mafuta yalikimbilia upande mmoja wa kikaango. Nikakigeuza kikaango. Yakakimbilia upande uleule.

La pili, wewe unaishi ndani ya hilo jengo kwa hiyo hulioni. Mimi nililiona kila asubuhi nikinywa chai kwenye roshani ya Khadro. Kuna vijana wanapandisha kokoto na nondo juu ya ghorofa ya tano. Nikamuuliza Khadro kama ni macho yangu. Akaniandikia kwenye karatasi kwamba ni ghorofa ya sita inaanza. Na nguzo za chini ni zilezile za ghorofa tano, sasa zinabeba sita. Mimi ni mwalimu wa nasari tu, sijui mambo ya ujenzi, lakini muulizeni huyo mwenyekiti wenu.

Wabusu wajukuu.

Mama yako

*

Tassia
18 Februari 2024

Mama mpendwa,

Hujambo? Goti je? Sisi tuko salama, ila mafua yamepita kwa kila mtu.

Nilimsomea Sylvance barua yako na sasa najuta. Hakula usiku ule. Alisema watu wa nyumbani hawapendi kuona mtu akipiga hatua, kwamba ukinunua kitu Nairobi lazima wakitafutie kasoro. Usikasirike, Mama. Anakuheshimu, ila anaogopa kuchekwa. Kaka zake walimwambia ameuza udongo wa babake akanunua hewa.

Kuhusu mafuta, nimekunja kipande cha kadibodi nikaweka chini ya mguu wa jiko, na sasa yanakaa sawa. Mlango wa chumba cha watoto ulianza kukwama, tukamwita fundi akaupiga randa, ukafunga vizuri. Wiki hii umekwama tena. Fundi anasema mbao za siku hizi ni mbichi.

Ghorofa ya sita ina wapangaji tayari. Ya saba wanaimwagia zege. Tulimwendea Mzee Maingi, sisi wote tulionunua, tukamuuliza taito. Alitupa soda. Akasema taito haiwezi kutoka kwa jengo ambalo halijakamilika, na jengo halijakamilika, si tunaona wenyewe mafundi wako juu? Mutunga, mlinzi wa lango, akacheka, "Mathe, hii kitu iko fiti, ingekuwa mbaya mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kutoroka." Tukarudi juu.

Mimi nalala vizuri, kwa hiyo nawe lala.

Binti yako,
Norah

*

Ugunja
3 Machi 2024

Norah,

Sijambo, goti ni goti.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimewafundisha watoto wa watu miaka yangu yote, sikujua mkwe wangu hakuwa darasani. Na wewe ulikuwa darasani, Norah, kiti cha mbele. Unaweka kadibodi chini ya jiko?

Hameni. Pangeni chumba popote, hata kimoja. Mwambie Sylvance hakuna wa kumcheka. Akichekwa, waje wanicheke mimi.

Mama yako

*

Tassia
14 Aprili 2024

Mama,

Salamu. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilianza barua mara nyingi, kila mara nikaichana kwa sababu nilikuwa nakudanganya.

Mvua ya huku haina adabu. Maji yamesimama chini ya jengo, yameingia mpaka kwenye mita za stima. Bafuni kuna ufa unaoanzia dirishani mpaka sakafuni. Celine alikuwa anaficha penseli zake humo, nikamchapa, kisha nikalia kuliko yeye. Mlango wa watoto umepigwa randa mpaka hauna cha kurandwa. Sasa tumeung'oa tu na kutundika pazia.

Wiki iliyopita walikuja wakaguzi. Walitazama nguzo, wakachora alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mbele, wakaondoka bila kumwambia mtu neno. Sisi wenye nyumba tukaitwa mkutano na Mzee Maingi. Alisema X ni ya kutafuta chai, ataenda kuwaona wakubwa, ila tusiiache pale ikaharibu jina la mali yetu. Tukachanga pesa za rangi. Mama, aliyeshika brashi ni Sylvance. Nilisimama barabarani na Khadro nikimtazama mume wangu akiipaka ile alama mpaka ikatoweka. Khadro alinishika mkono tu.

Nilimwomba Sylvance anipe ruhusa nilete watoto Ugunja kidogo. Alisema, "Ukiwatoa watoto umekubali kwamba nimewanunulia kaburi." Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kujibu. Nampenda, Mama, na ninaogopa, na siwezi kumwacha humo peke yake. Sijui nifanye nini.

Norah

*

Ugunja
20 Aprili 2024

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu na ninakujibu nikiwa nimetulia.

Alhamisi nitakuja kwa basi la asubuhi. Safari hii sitalala kwa Khadro. Nitalala kwenu, ndani ya nyumba yenu, kwenye kitanda chenu. Mwambie Sylvance mapema ili asishtuke.

Umeniambia anashika mila kuliko wajomba. Haya basi. Mtu wa mila hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe wake. Maneno yangu hayakumtoa, wakaguzi hawakumtoa, ufa haukumtoa. Mimi nitamtoa. Atafuatana na watoto, nawe utafuatana naye kama ulivyosema huwezi kumwacha.

Najua wataniita mchawi. Ukoo wake utasema nimemletea laana, na labda kanisani nitanyimwa kusimamia akina mama. Nimeomba juu ya jambo hili, na moyo haukunikataza.

Mama yako

*

Kwa Khadro, mkabala na nyumba
27 Aprili 2024

Mama,

Umeamkaje? Umekula? Nimempa Mutunga barua hii aipitishe chini ya mlango, maana umejifungia komeo, na tukigonga husikii, au hutaki kusikia.

Sitasahau Alhamisi. Uliingia na mkoba wako, hukusalimu mtu, ukapita sebule ukaenda moja kwa moja chumbani kwetu, ukavua viatu ukajilaza. Sylvance alikuwa anakunywa uji. Alisimama kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Akamtazama Caleb, akanitazama mimi, akamchukua Caleb kifuani na Celine kwa mkono, akatoka na kandambili za bafuni. Nikamfuata. Huku nyuma nikasikia komeo.

Yeye na watoto wako kwa binamu yake, mtaa wa Mowlem, wamejibana chumba kimoja. Jana amesema, "Mama yako amenidhalilisha." Leo asubuhi alisimama hapa kwenye roshani ya Khadro, akalitazama lile jengo lote kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama lilikuwa limeegemea hivyo siku zote.

Kwa hiyo umeshinda, Mama. Sasa toka.

Norah

*

Ghorofa ya pili
28 Aprili 2024

Norah mwanangu,

Sijambo. Nakula vizuri, kuna unga na omena wako, na majirani wananiachia maji mlangoni. Mama wa ghorofa ya sita ana mapacha, nimemwambia aondoke, amecheka tu.

Sitoki bado. Nikitoka leo, kesho Sylvance atarudi. Namjua. Hasira ikimwisha aibu itarudi mahali pake, na aibu ndiyo iliyompa ile brashi. Huyu mtoto si mbaya, Norah. Alitaka kuwapa kitu ambacho hakuna mtu angewanyang'anya. Mwambie nilisema hivyo.

Apange nyumba kwingine. Celine aanze shule ya huko. Mje mchukue kitanda na kabati niwapitishie mlangoni. Nikiona hapa ndani hakuna cha kumrudisha, nitavaa viatu vyangu.

Wanasema usiku kuna sauti kwenye kuta, watu wanatoka kwenye ngazi kuulizana. Mimi sisikii chochote, nalala. Ila nikikanyaga chini bila viatu nahisi sakafu inatetemeka kidogo, hata mafundi wakiwa wameshuka. Leo wameanza kumwaga ya nane.

Usije juu. Ukija sitafungua.

Mama yako

*

Barabarani
30 Aprili 2024

Mama,

Leo sina salamu. Fungua mlango. Fungua kwanza, kisha usome.

Sylvance amepanga nyumba Mowlem. Ufunguo ninao hapa mkononi. Watoto wako huko na Khadro. Kitanda hatukitaki, kabati hatulitaki, kila kitu kikae humo.

Mchana huu kumetokea mlio, Mama, barabara nzima imeusikia. Akina mama wa kibandani wamekimbia wakaacha chapati zinaungua. Watu wa juu wanashuka na magodoro, yule wa mapacha ameshuka na mmoja akarudi kumchukua mwingine. Mutunga ameliacha lango wazi, hatumwoni. Na wewe nakuona kutoka hapa, umekaa dirishani umetupa mgongo, unakunja nguo. Nimekuita mpaka sauti imekauka. Watu wamekurushia mawe kwenye ukuta upate kugeuka. Hugeuki.

Nilitaka kupanda mimi. Sylvance amenivuta nyuma. Amesema watoto hawawezi kukosa mama. Ameazima mtaimbo wa mafundi, na amesema usipofungua atavunja, na usipotembea atakubeba. Nimemwuliza, "Utamshikaje mama mkwe wako?" Amesema, "Nitamshika kama mama yangu."

Yuko chini ya ngazi ananinyooshea mkono nimpe karatasi hii. Ukiiona chini ya mlango, jua aliye nje ni yeye. Usimwonee haya. Mfungulie, Mama, mshuke wote wawili.

Norah wako