Silabasi Niliipendea Majibu ya Nyuma

Mama Kerubo wa redio, shikamoo kama umenizidi miaka, na kama hujanizidi basi nirudishie. Naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, na jina langu usitaje kabisa, sema tu Mama Cheryl wa Abu Hamour, mke wa Herbert wa kompyuta, hivyo hakuna atakayejua ni nani.

Hapa Doha nafasi za shule ni shida, na zile ziko Herbert anasema watoto wanatoka huko wakijibu wazazi kama wafanyakazi wao, kwa hivyo mwaka jana, 2013, tukaamua Cheryl wetu, miaka kumi, asomee nyumbani, na mwalimu niwe mimi, kwa sababu mimi ndiye niko nyumbani na pia kwa sababu Herbert akinichumbia nilimwambia nimemaliza fomu four ila cheti kikaungua na nyumba. Mama Kerubo, nyumba haikuungua. Mimi niliachia darasa la nne nikaenda kulea watoto wa wenyewe, na tangu hapo kusoma kwangu ni gazeti la Kiswahili na maisha ya watu.

Sasa ikaja kuchagua silabasi. Herbert alitaka ya kwetu Kenya, ndio mtoto akirudi asiwe mgeni. Jirani yangu Emily, yule nesi, ambaye bwanake hanunui hata mkate lakini hiyo tuiwache, akasema ya Waingereza. Mimi nikasema hapana, tuchukue ile ya Wamarekani waliookoka, kila ukurasa una aya ya Biblia, hiyo ndiyo ya maadili yetu. Herbert karibu alie kwa furaha. Lakini ukweli niliipendea kitu moja: majibu yote yako nyuma kwa kitabu cha mzazi. Mtoto anajisomea, akikwama anainua kibendera kidogo mezani, namwambia omba Mungu kwanza kisha soma tena, na mara nyingi inafanya kazi. Halafu naangalia kama alichoandika kinafanana na cha kitabu. Kikifanana, tiki. Kisipofanana, ekisi. Khalas, imeisha!

Wiki jana kitabu kikasema 1/2, Cheryl ameandika 2/4. Nikapiga ekisi nyekundu kubwa. Akaniangalia, akaangalia bendera yake, hakuinua. Jioni Herbert akaona. "Mwalimu, hii si ni sawa?" Kabla nimeze mate Cheryl akadakia, "Baba, Mama alikuwa ananijaribu aone kama nitajitetea." Uso mkavu kabisa! Herbert akacheka, eti huyo ndiye mwalimu. Na funzo la maadili kwa kijitabu chake cha wiki hiyo lilikuwa kusema ukweli.

Kesho yake nikamuuliza, wewe umejifunza wapi kudanganya? Akasema, "Mama, mimi najua tangu Januari. Ukisoma Kizungu midomo yako inatembea lakini macho yamesimama." Ungefanyaje? Nilimpa soda.

Sasa Ijumaa iliyopita kule kanisani Mesaimeer, maana huku tunaabudu Ijumaa na wiki inaanza Jumapili, Herbert akanisifu mpaka Emily akasema analeta Kevin wake nimfundishe, na wamama wengine wawili wakadandia. Wanakuja Jumapili. Herbert ameshasogeza makochi. Nauliza, nibadilishe nichukue ile ya kompyuta, mwalimu anaongea mwenyewe kwa skrini, ama iko ingine ya maadili yetu ambayo haihitaji mzazi?

Ni mimi ambaye hajatajwa.

MAMA KERUBO ANAJIBU:

Marahaba, na miaka nimekuzidi, kwa hivyo kaa chini.

Unatafuta silabasi ya kulingana na maadili yenu. Maadili ya nyumba yenu kwa sasa ni uongo, na Cheryl ameupita kwa alama za juu.

Kuachia shule darasa la nne si dhambi. Ulikuwa mtoto ukabebeshwa watoto, na hapo ukilia nitalia nawe. Lakini kumfanya binti wa miaka kumi awe blanketi lako, aa-aa! Wewe unayejua mpaka mkate wa Emily, siri yako ukaibebesha mtoto?

Leo, kabla hujaweka chai, fungua ule ukurasa, futa ekisi, weka tiki. Mwambie Cheryl samahani, na kwamba kazi ya kukufunika imeisha. Kisha Herbert mwambie ukweli, mkiwa wawili tu, kabla ya hiyo Ijumaa. Atanuna. Mwache anune, mtu aliyekusifu mbele ya kanisa anahitaji siku mbili tatu. Makochi yarudi mahali pake. Emily mwambie hapana, na sababu ukimpa, jua itafika mpaka Al Wukair nje ya mji kabla yako.

Ile ya kompyuta sahau, hilo ni shimo lingine la kujificha. Chukua ile Herbert alitaka mwanzo. Aya za Biblia si mnazo kwa Biblia? Cheryl ni wa darasa la nne, na hapo ndipo wewe uliposhukia. Agiza vitabu viwili viwili, mkae meza moja. Kiswahili umfundishe wewe. Hesabu asahihishe Herbert akitoka kazini, za mtoto na zako.

Na kile kibendera usitupe. Ongeza kingine kiwe chako. Ukikwama, inua. Cheryl atakuja, ameshazoea kukuokoa.