Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Wifi Mbinya,

Maharagwe yamo chunguni. Yaongeze maji saa tano. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, pamoja na yule anayedai amekwisha kunawa.

Asubuhi mama yako Mwaitu alionja maziwa, akayatema mlangoni, akaniuliza, "Mwalimu, ng'ombe wetu ameanza kula sabuni?" Nilimweleza kwa utaratibu kwamba chuoni tulifundishwa kuosha kila chombo kwa sabuni na maji moto. Akasema kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto, na kwamba mama yake hakwenda chuo kulijua hilo. Nikamjibu kuwa moshi si usafi. Tangu hapo hajasema nami. Kibuyu hicho alipewa na mama yake siku alipoolewa.

Mwambie nitamnunulia kingine. La, nimeufuta mstari huo; usimsomee.

Leo nilikusudia kuwafundisha akina mama wa kijiji cha Tulia kuosha vibuyu. Nimeyaonja maziwa mwenyewe. Somo la leo litakuwa kufua nguo.

Mwombe Mwaitu akifukize kibuyu, kama bado kinaokoleka, ila asimalize kabla sijarudi. Nitakuja na daftari.

Wifi yako